Kabla ya Kulipa Arubuni

Wenye nyumba za kuuza Njombe hupenda kuwaonyesha wateja wakati wa kiangazi, kuanzia Agosti hadi Oktoba. Udongo umekauka, njia za mitaani zinapitika, na rangi iliyopakwa juzi bado inang'aa. Mnunuzi anazungushwa sebuleni, vyumbani na jikoni; anafungua bomba, anawasha taa, anasifia vigae, anauliza bei ya mwisho ni ngapi. Jioni mwenyekiti wa mtaa anaitwa, mashahidi wanasaini, fedha zinahesabiwa. Mvua za Novemba zinamkuta ameshahamia. Ikifika Februari, ukuta wa chumba cha nyuma umeota ukungu hadi usawa wa kitanda, na kabati alilolisogeza pale halifunguki kwa sababu mbao zimevimba.

Mimi ni mhandisi wa majengo, mkazi wa Makambako. Kazi inayonilisha ni kusimamia ujenzi, lakini siku hizi naitwa pia kuwatazamia watu nyumba kabla hawajazinunua. Naipenda kazi hii kuliko ninavyoweza kueleza, na inaniuma kwamba wanaoiomba ni wachache. Katika mauzo ya nyumba moja, mnunuzi atamlipa dalali, atamlipa mwanasheria, atatoa chochote kwa mashahidi, na kama anakopa benki atamlipa na mthamini. Mtu wa kuitazama nyumba yenyewe, kuanzia msingi hadi mgongo wa paa, hayumo kwenye hesabu. Na hiyo ni akiba ya miaka kumi au ishirini ya mtu na mwenzake.

Sababu si ubahili. Kwetu Ubena ni aibu kuchokonoa nyumba ya mtu mbele ya macho yake. Umefika, umesema "Kamwene", umeitikiwa, umekaribishwa chai na viazi. Utainukaje uanze kukwaruza ukuta wa mwenyeji wako? Muuzaji akiwa mnyalukolo, yaani ndugu, ndiyo kabisa, mtu ananunua huku anatazama chini. Hapo ndipo mtaalamu anapofaa hata kabla ya kutumia utaalamu wake: yeye anaweza kuuliza yale ambayo wewe heshima inakuzuia. Huwa nawaendea wenye nyumba siku moja kabla na kuwaeleza wazi: "Mama, nitapanda darini, nitafungua chemba, nitakwaruza lipu kidogo mahali pawili pasipoonekana, kisha nitaparudishia." Wengi hukubali, wengine hata hunishikia ngazi. Yule anayesema kila mahali ruhusa isipokuwa darini, mteja wangu naye amesikia.

Nieleze nyumba moja, kwa sababu ndani yake yalikuwamo karibu mambo yote ninayokutana nayo milimani huku. Wanunuzi walikuwa muuguzi na mumewe, mwalimu. Nyumba ilikuwa Njombe mjini, kwenye mteremko, vyumba vitatu, matofali ya kuchoma, bati la rangi ya damu ya mzee. Benki ilikuwa imeshamtuma mthamini, na wale wawili walidhani ukaguzi umekwisha. Watu wengi hudhani hivyo. Mthamini kazi yake ni kukadiria nyumba ina thamani gani sokoni, ili benki ijue ikiiuza itarudisha fedha zake. Anatazama kiwanja, eneo, ukubwa, hali ya jumla. Hapandi kwenye kenchi na tochi, wala hakulipwa kufanya hivyo.

Nilikwenda mwezi wa Machi, tena nilisubiri siku ya mvua makusudi. Njombe mjini pako karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua ikishika huku haina haraka ya kuondoka. Nyumba ikiwa imelowa, haifichi kitu. Nilisimama kwanza uani, chini ya mwavuli, nikatazama maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Yalikuwa yanashuka kutoka kiwanja cha juu moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma. Aliyejenga alikata mlima ili apate sehemu tambarare, kisha udongo ukaporomoka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka ukajaa nyuma ya nyumba, hadi ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Hapakuwa na mtaro. Gata lilikuwapo upande wa mbele tu, upande anaosimama mgeni.

Ndani, chumba kinachopakana na ukuta ule kilikuwa kimepakwa rangi mpya kuanzia chini hadi kwenye dirisha, juu ya hapo rangi ni ya zamani. Rangi ya nusu ukuta ni habari tosha. Nilipitisha kiganja karibu na sakafu, kikatoka na unga mweupe. Ule si chokaa iliyopukutika. Tofali la kuchoma hunyonya maji, maji hupanda ndani ya ukuta yakiwa yamebeba chumvi za udongo, yakifika juu ya lipu yanakauka na kuiacha chumvi hapo. Ukuta uliojengwa vizuri huwa na tabaka la karatasi nzito au nailoni ya ujenzi juu ya msingi, chini ya tofali la kwanza, ili kuukata mwendo huo. Huu haukuwa nalo. Kupaka rangi juu yake ni kazi isiyoisha, kila masika rangi itabanduka.

Kisha niligonga lipu kwa kishikio cha bisibisi. Mahali lipu iliposhika vizuri sauti huwa nzito na fupi. Mahali ilipoachana na tofali inalia uwazi. Hapa ililia uwazi eneo kubwa kama mlango. Nikaomba kukwaruza chini ya sinki la jikoni, na nyuma ya lipu ya saruji nikakuta tope jekundu likishikilia matofali. Yaani nyumba yote ilijengwa kwa udongo, saruji ikawekwa juu kama ngozi.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Kujengea udongo si dhambi. Vijijini Njombe zipo nyumba za tofali na udongo zilizosimama tangu wazee wetu wakiwa vijana, kwa sababu paa lao limetokeza nje vya kutosha na maji hayafiki ukutani. Udongo ni mzuri ukiwa mkavu. Ukilowa unarudi kuwa tope, na ukitikiswa hauna cha kushika. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliua zaidi ya watu 15 na kubomoa maelfu ya nyumba, na nyingi kati ya zilizoanguka zilikuwa za matofali yasiyofungwa kwa nondo wala mkanda wa zege. Sisi nasi tunaishi karibu na Bonde la Ufa, Ziwa Nyasa liko pale chini. Kwa hiyo ninapokuta udongo nyuma ya lipu, swali langu la pili huwa: je, kuna mkanda wa zege juu ya madirisha unaozunguka nyumba nzima? Mafundi wanauita linta. Katika nyumba ile ulikuwapo, nashukuru, na nyufa zilikuwa chache.

Nyufa ndizo zinazowatisha watu kuliko yote, na mara nyingi zinawatisha bure. Ufa mwembamba kama unywele, uliosambaa kwenye lipu kama ramani, ni lipu iliyokauka haraka. Usikupotezee usingizi. Ufa wa kuuogopa ni ule unaoanza kwenye kona ya dirisha au mlango na kwenda mshazari, au unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, na hasa ule ambao ni mpana juu kuliko chini. Huo unasema upande mmoja wa msingi unazama. Sarafu ya shilingi 200 ikiingia, nataka kuchimba pembeni nione msingi umekwenda chini kiasi gani. Na ufa uliozibwa ukapasuka tena mahali palepale bado unatembea, hata kama leo ni mwembamba.

Darini tulipanda mimi na mwalimu. Mkoa huu umeishi kwa miti ya kupandwa kwa muda mrefu. Kampuni ya miwati ya TANWAT iko Njombe tangu 1949, na jirani zetu Mufindi wana shamba la serikali la Sao Hill. Malori ya mbao yanapita Makambako usiku na mchana. Mtu angetegemea kwamba nyumba za huku ndizo zenye mapaa bora nchini. Lakini miti mingi ya watu binafsi inakatwa ikiwa michanga, kwa sababu ada ya shule haisubiri, na mbao inapasuliwa leo kesho iko juu ya nyumba. Mbao mbichi hukaukia juu huko huko, na ikikauka inajipinda. Katika paa lile kenchi zilikuwa za mlingoti, yaani mkaratusi, na mbili zilikuwa zimejisokota hadi zimenyanyua mapau, misumari ya bati ikalegea, na kwa kila tundu la msumari tuliona nukta ya mwanga. Chini ya nukta hizo siling bodi ilikuwa na madoa ya rangi ya chai. Nilichoma bisibisi kwenye mbao ya ukingoni, chini ya gata, ikazama bila kubishana. Mbao iliyotiwa dawa huwa na rangi ya kijanikijani hata ndani ukiikata. Hizi zilikuwa nyeupe.

Palepale darini tulikuta nyaya. Zilikuwa zimesokotwa na kufungwa utepe, hazina boksi, zimelala juu ya mbao kavu. Nilipoufuata waya wa bafuni ndipo niliposimama. Njombe ni baridi, Juni na Julai watu wanaamka wakakuta sakitu kwenye majani, kwa hiyo karibu kila nyumba ya mjini siku hizi ina hita ya umeme ya kuogea. Hita ya namna hiyo huvuta kilowati 5 au zaidi. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, wa milimita za mraba 4 au 6, sakiti breka yake, na njia ya kwenda ardhini. Hii ilikuwa imeungwa kwenye waya wa taa, wa milimita za mraba 1.5, na nje ya nyumba hapakuwa na athi rodi. Mtu anasimama chini ya maji, miguu imelowa, na kifaa kinachovuta umeme mwingi kuliko vyote nyumbani hakina ardhi. Nilimwambia muuguzi kwamba hata wasipoinunua nyumba hii, tumwambie mama mwenye nyumba aizime hita leo. Alizima mbele yetu, na alitushukuru.

Jambo jingine la huku kwenye baridi ni matundu ya hewa. Juu ya madirisha ya vyumba vya kulala fundi alikuwa ameacha matundu kama inavyotakiwa, na wenye nyumba wakayajaza vitambaa. Nawaelewa. Lakini katika nyumba hizi hizi, usiku, jiko la mkaa huingizwa chumbani. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala. Kwenye ripoti zangu tundu lililozibwa huliandika kama kasoro ya usalama, mstari mmoja na waya mbovu. Anayetaka joto ajenge meko ya ukutani yenye bomba la moshi, kama yalivyo kwenye nyumba za zamani za misheni, au aweke dari nzuri. Dari peke yake hupunguza baridi sana.

Makambako, kilomita kama 60 kutoka Njombe, hadithi ni nyingine. Sisi tatizo letu ni upepo. Uwanda wetu una upepo hadi wawekezaji wamekuwa wakitaka kuweka mitambo ya kufua umeme wa upepo, na upepo huo huo ndio unaoezua mabati. Kwa hiyo huku nikipanda darini jicho la kwanza linakwenda pale kenchi inapokutana na ukuta. Nataka kuona nondo au waya mnene uliotoka kwenye mkanda wa zege ukaifunga mbao. Nikikuta kenchi imekaa tu juu ya ukuta kwa uzito wake, naandika.

Na kabla ya hayo yote natoa futi. Mji wetu umekua kwenye makutano ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya na ile ya kwenda Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo tangu miaka ya 1970. Fremu na nyumba nyingi zinazouzwa kwa bei ya kuvutia zinatazama barabara. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya lami. Zamani ilikuwa mita 22.5. Mita hizo saba na nusu ndizo zilizowaliza watu. Herufi X ya rangi nyekundu ukutani, alama ya jengo la kubomolewa, inaweza kupakwa rangi ikafichika, umbali kutoka katikati ya barabara haufichiki. Nimewahi kumrudisha mteja kwa kipimo hicho peke yake, hatukuingia hata ndani. Jengo lilikuwa zuri kabisa.

Sasa, umwite nani? Tanzania hatuna fani inayosimama peke yake ya ukaguzi wa nyumba zinazouzwa. Tunao wahandisi waliosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi walio chini ya bodi yao, na mafundi umeme wenye leseni ya EWURA. Mhandisi wa majengo au mbunifu majengo anatosha kwa nyumba ya kawaida. Yeye akiona umeme unatia shaka atamwita fundi mwenye leseni. Muombe namba ya usajili na uihakiki kwenye bodi husika. Wapo pia mafundi wakongwe wasio na cheti chochote ambao macho yao nayaheshimu sana, na kama nyumba iko kijijini Lupembe huna mtu mwingine, mchukue huyo. Malipo si ya kutisha: mimi hudai kazi ya siku moja au mbili pamoja na nauli.

Lakini kuliko cheti, uliza jambo moja: huyu mtu anapata nini nikinunua, na anapata nini nisiponunua? Dalali akikwambia "nina injinia wangu, atakuja bure", mshukuru na utafute mwingine, maana dalali hulipwa nyumba ikiuzwa. Fundi anayetegemea kupewa kazi ya ukarabati naye ana sababu ya kuona kasoro hata zisizokuwapo. Wamarekani, ambao kwao ukaguzi huu ni jambo la kawaida kabla ya kununua, walikutana na tatizo hili mapema. Chama chao cha wakaguzi wa nyumba, ASHI, kilichoanzishwa mwaka 1976, kinamkataza mkaguzi kulipwa kutengeneza kitu alichokikagua mpaka upite mwaka mmoja. Sheria hiyo hatunayo, ila hakuna kinachonizuia mimi kuifuata, na naifuata. Wateja wangu huniomba niwasimamie ukarabati, nami huwapa majina ya watu wengine watatu.

Najua majengo yanayozungumzwa kitaifa ni yale ya Dar es Salaam: ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lililoanguka Machi 2013 na kuua watu 36, na lile la Kariakoo la Novemba 2024. Kila yanapoanguka, tume zinaundwa na watu wanadai ukaguzi. Ni sawa wadai. Ila nyumba ya chini ya Njombe haianguki siku moja ikatangazwa redioni. Inakula kifua cha mtoto kwa unyevu, inakula mshahara kwa rangi na bati, na hakuna tume itakayokuja.

Ripoti niliyowapa yule muuguzi na mumewe ilikuwa kurasa chache, na picha, na saini yangu. Ripoti ya mdomo mkaguzi anaweza kuikana, na muuzaji haiogopi. Niliyapanga mambo kwa mafungu matatu: yanayoweza kuua, ambayo ni hita, nyaya na matundu, yanayoharibu nyumba yakiachwa, ambayo ni maji ya nyuma, kenchi mbili na gata, na yanayosubiri, kama lipu ya jikoni na mlango unaogoma. Kila moja nililiandikia makadirio ya gharama. Sikuwaambia wanunue wala wasinunue, hiyo ni fedha yao.

Walirudi kwa mama mwenye nyumba na karatasi mkononi. Mama hakukasirika, alisoma, akauliza maswali, akasema ule ukuta umemsumbua tangu mumewe alipojenga. Walikubaliana bei ipungue kwa gharama za fungu la kwanza na la pili, na sehemu ya malipo ibaki kwa mwanasheria hadi udongo wa nyuma utakapoondolewa. Vijana walichimba mtaro mwezi wa Mei, ukashuka chini ya usawa wa sakafu, wakaupa mteremko hadi barabarani. Fundi wa EWURA akafumua umeme wa bafuni na kupigilia athi rodi. Kenchi mbili zilibadilishwa kwa mbao za dawa. Chumba cha nyuma waliking'oa lipu kimo cha mita moja na kukiacha hivyo, kitupu, hadi Oktoba ukuta ukauke, ndipo wakapiga lipu mpya.